Usitikise Kichwa Mbele ya Mwenye Sumaku

Nimesikia mnagombania kazi yangu, wadogo zangu. Maman ameniambia kwamba baada ya misa mlikuwa wanne pale mlangoni, kila mmoja akidai yeye ndiye atakayepewa kitambaa na daftari. Bon. Kabla hamjang'oana nywele, kaeni mnisikilize, kwa sababu kazi hii nimeifanya misimu mitatu na sasa nimestaafu, nikiwa na miaka kumi na minane. Chekeni tu. Tonton Floribert, mjomba wangu, naye alicheka niliposema neno hilo la kustaafu, kisha akaona mimi sicheki.

Kazi yenyewe ni kusimama kando ya gari la tonton Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Machi hadi Oktoba, kwenye ule uwanja ulio nyuma ya maghala ya mtaa wa Anderlecht ambako wapenda magari ya kizamani wanakutana kuonyeshana na kusemana. Unafuta vumbi. Unazuia mikono ya watu. Halafu unaandika kwenye daftari kila kinachosemwa kuhusu gari, neno kwa neno, na mkirudi nyumbani unamsomea tonton.

Mtauliza kwa nini asisikilize mwenyewe. Alijaribu. Mara ya kwanza alisimama pale na suruali yake ya pasi, na watu wakamwuliza mwenye gari yuko wapi. Bwana mmoja alimkabidhi funguo amwegeshee gari lake. Na wale waliojua kwamba yeye ndiye mwenyewe walisema "zuri sana, monsieur", wakaondoka haraka, wakaenda kusema ya moyoni mbali. Ndiyo maana sasa yeye anakaa kwenye kibanda cha chipsi, na kando ya gari nasimama mimi, kwa sababu mimi watu hawanioni. Siringi. Nikiwa sekondari, mwaka wa tatu, mwalimu aliniandika kwamba sipo siku ambayo nilikuwa nimeketi dawati la mbele. Niliona haya kumsahihisha.

Haya hayo hayo ndiyo yaliyonipa kazi. Mtu akiona msichana kimya na kitambaa mkononi, anasema mbele yake kama anavyosema mbele ya alama ya barabarani.

Sasa gari. Ni la Kimarekani, la miaka ya thelathini. Tonton alilipata likiwa ganda tupu, bila viti, bila sakafu, kuku walikuwa wametaga ndani. Miaka sita, kila alipomaliza magari ya wateja, alilirudia. Alikata paa akalishusha kwa upana wa vidole vinne. Aliondoa madgadi ya mbele. Aliweka injini kubwa ya silinda nane, bila kifuniko, ukiiwasha glasi za jirani zinagongana kabatini. Magari ya namna hii yanaitwa hot rod, na sharti lake ni kwamba hakuna mawili yanayofanana, kwa sababu kila moja limetoka kwenye kichwa cha mtu mmoja. Kisha alilipaka rangi nyeusi. Nyeusi ni rangi ya watu wasio na huruma: kila kosa la chuma linaonekana.

Na alitaka kitu kimoja tu. Kila mwaka chama cha wapenda magari kinachagua magari kumi na mawili kuyaingiza ukumbini mwezi Novemba, na mbele ya kila gari kinaweka kadi nyeupe, ndogo kama kitambulisho. Juu jina la gari. Chini, "Limejengwa na", halafu jina la mtu. Tonton alitaka kadi hiyo. Mimi mwanzoni niliona ni utoto, nikaandika hivyo kwenye daftari langu la siri. Baadaye nilielewa. Tonton ni fundi wa bodi. Amenyoosha magari ya nusu ya mji huu, na gari likinyooshwa vizuri hakuna anayejua kwamba liligongwa. Kazi yake ikiwa nzuri, haionekani kabisa. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka ishirini na mitano, lakini siku moja atataka kadi.

Haya, ufundi. Kitambaa kunja mara tatu, upate nyuso nane, na kila uso utumie mara moja tu. Usifute kwa kuzungusha mkono. Futa moja kwa moja, kutoka mbele kwenda nyuma, la sivyo jua litaonyesha miduara yako. Vua mkanda wenye kifungo cha chuma. Vua pete. Anayesimama na mikono mgongoni hatagusa. Anayemwambia mwanawe "usiguse", huyo ndiye atakayegusa, akishahakikisha mtoto haangalii.

Anayeleta simu kwanza, macho baadaye, mwache. Zamani, nikisema zamani ni msimu wangu wa kwanza, watu walichuchumaa na kutazama. Siku hizi wanapiga picha wanaiuliza simu gari hili ni nini, na simu inawaambia uongo, nao wanatuletea sisi huo uongo.

Na msisahau kushuku. Kila mtu pale anashuku. Wanashuku magurudumu si ya kweli, injini si ya mwaka wake, mwenye gari si mwenye gari. Hii hapa Jumapili moja kama nilivyoiandika:

Bwana mwenye masharubu: "Paa limekatwa vidole viwili zaidi. Kuliendesha lazima ulale chali."

Kijana mwenye michoro mikononi: "Ni safi mno. Hot rod ya kweli lazima iwe na kutu. Hii inaficha kitu."

Mchumba wake: "Na mvua ikinyesha?" (Hakujibiwa.)

Mzee mwenye fimbo: "Gari limepona vita nzima, halafu anakuja mtu kulikata na msumeno."

Mama mwenye mbwa: "La nani hili? Watu hawa pesa wanatoa wapi?"

Hilo la mwisho niliandika lakini sikumsomea tonton. Nadhani alilijua.

Kwetu nako msidhani waliona tofauti. Dada anayenisuka kule Galerie d'Ixelles alitazama picha akauliza kama ni gari ya mazishi. Maman alisema, "Miaka sita, Floribert, na haiko na hata fasi ya kuweka mufuko moja ya unga!" Tonton alimjibu dada yake mkubwa, "Yaya, hii haiko gari ya kubeba unga." Maman akasema, "Alors ni gari ya nini?"

Katika watu wote wa uwanja ule, nilikuwa na wawili wangu. Mmoja nilimpenda, mmoja nilimshuku.

Niliyempenda ni Monsieur Guido, katibu wa chama, yule anayeandika zile kadi. Uso wa mviringo, sauti laini. Kila Jumapili aliniletea gaufre, ule mkate mtamu wa miraba, kwenye karatasi na kuniuliza habari za shule, kisha akangoja jibu, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi.

Niliyemshuku ni mzee mmoja mrefu wa koti la kijani. Huyo hakusema kitu. Alikuja, akapiga magoti juu ya gazeti, akatazama ubavu wa gari kwa jicho moja kama anayelenga shabaha, kisha akatoa kijitabu chake akaandika, akikikinga kwa mkono nisione. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba anatoka ofisi ya ukaguzi na anatafuta sababu ya kulitoa gari letu barabarani. Au ni mwizi anayepima. Kwenye daftari nilimwekea alama tatu za hatari kwa kalamu nyekundu. Mtu anayeandika bila kusema, nilijiambia, ana lake. Sikujiuliza mimi mwenyewe nilikuwa nafanya nini pale na daftari langu.

Sasa sikilizeni kosa.

Ilikuwa Agosti. Monsieur Guido alikuja na wanakamati wawili, na safari hii mkononi hakuwa na gaufre, alikuwa na sumaku. Ndogo, imefungwa ngozi ili isikwaruze rangi, inaning'inia kwenye kamba. Hii ni dawa yao ya kushuku. Fundi mvivu akikuta bonde kwenye chuma hahangaiki kulinyoosha, analijaza mastic, ile puti inayopakwa kama siagi na kukauka kama jiwe. Ukipaka rangi juu haionekani. Lakini sumaku haidanganyiki: kwenye chuma inashika, kwenye mastic inaanguka.

Aliiweka mlangoni. Tap. Ikashika. Aliiweka kwenye paa. Tap. Kisha akaiweka ubavuni nyuma, chini ya dirisha, pale paa lililokatwa lilipoungwa tena na mwili. Ikateleza ikamwangukia kiganjani. Akasogeza vidole vitatu. Ikaanguka tena.

Wale wawili wakatazamana. Monsieur Guido akanigeukia na ile sauti yake laini.

"Hapa kuna mastic nyingi, sivyo, mademoiselle?"

Nikatikisa kichwa. Ndiyo.

Nitawaambia ukweli wote, maana nikificha hapa hakuna haja ya kuandika. Mimi nikitazamwa na watu watatu kwa pamoja, kichwa changu kinakubali chenyewe ili waondoke. Wangeniuliza kama gari linaruka, ningekubali. Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba niliamini. Tonton alikuwa akimwambia kila mtu kwamba gari lake halina mastic hata kijiko. Lakini mimi nilikuwa nimeliona kopo. Chini ya meza yake garage, kopo kubwa la mastic, limefunguliwa, na kisu cha kupakia kimelazwa juu. Nilikuwa nimepiga msasa ubavu ule Jumamosi tano, juu ya rangi ya chini ya kijivu, nikijiuliza chini yake kuna nini, na sikuthubutu kuuliza. Kwa hiyo nilipotikisa kichwa sikuwa nadanganya. Nilikuwa nasema nilichomshuku mjomba wangu.

Orodha ilitoka. Magari kumi na mawili. Letu halimo.

Tonton alimpigia simu Monsieur Guido. Nilikuwa pale garage, naosha vitambaa. Nilimsikia akisema "mastic wapi?", kisha "nani?", kisha "nani alibaambia?" Monsieur Guido hakutaja jina. Alisema tu kwamba imethibitishwa. Tonton akaweka simu mezani taratibu, uso chini.

"Mutoto, lete daftari. Nisomee ya mwezi uliopita. Yote."

Jumapili ile ya Agosti sikuwa nimeandika chochote kuhusu sumaku. Nilisema nakwenda chooni kwanza. Nilikwenda na daftari. Mle chooni, nimeegemea sinki, niliandika: *Mzee wa koti la kijani: "Ubavu wa nyuma umejaa mastic."* Nikatoka nikamsomea.

Tonton alifikiri kidogo. "Ule mzee anayepikaka magoti?"

"Ndiyo, tonton."

"Mi nilimuona muntu muzuri," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Jumapili ya kwanza ya Septemba alitaka tuende hivyo hivyo, orodha au hakuna orodha. Mzee wa koti la kijani alikuja kama kawaida, akatandika gazeti lake. Safari hii alipoinuka hakukificha kijitabu. Alikifungua wazi, akamwendea tonton kule kwenye chipsi na mkono umenyooshwa, nami nikamfuata nyuma kwa hofu. Tonton hakuupokea mkono.

"Monsieur, ukitaka kusema gari yangu, uniambie mimi. Si kwa kamati."

Mzee akabaki na mkono hewani. Shingo ikawa nyekundu. Kijitabu kilikuwa wazi, na mimi nilikuwa karibu, nikaona. Hayakuwa maandishi. Ilikuwa michoro ya penseli ya ubavu wa gari letu, ule mkunjo unaotoka dirishani kwenda kwenye taa ya nyuma, ameuchora mara kumi na zaidi, kila ukurasa akiukaribia. Alikuwa amekuja misimu miwili kuuchora mkunjo mmoja. Alikifunga kijitabu, akaokota gazeti lake, akaondoka.

Wiki hiyo sikula vizuri. Jumamosi nikaenda garage, nikasimama mlangoni mpaka tonton akachoka kuniona.

"Nini sasa?"

"Tonton, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Aliyewaambia kuna mastic. Ni mimi."

Alikuwa ananyoosha mlango wa mteja. Nyundo ikasimama. "Wewe njo ulibaambia?"

"Sikusema. Nilitikisa kichwa."

"Na ule mzee?"

"Hakusema kitu. Niliandika mwenyewe. Mule chooni."

Alirudi kupiga nyundo. Nilihesabu mapigo saba. Tonton ana mapigo ya aina mbili, ya kunyoosha chuma na ya kujizuia, na yale saba hayakuwa ya chuma.

"Na wewe, unawaza kuko mastic?"

"Niliona kopo, tonton. Pale chini ya meza."

Alitazama kopo. "Ile ni ya ba-client. Bale banataka gari kesho asubui. Bon." Nilingoja aendelee, aniambie basi kuna nini ubavuni pale. Alifungua droo akatoa kisu cha kukwaruzia rangi, kile chenye mdomo mpana, akanipa upande wa mpini. "Sikuambie kitu. Ukiambiwa utaamini leo, kesho utashuku tena. Dimanche ya kwanza ya Oktoba utakwaruza wewe mwenyewe. Mbele yabo bote. Na ule mzee, utamutafuta, utamuleta."

Muuza chipsi ndiye aliyeniambia kwamba mzee anaishi Molenbeek, juu ya duka la mikate, karibu na metro. Nilisimama mbele ya mlango wake mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimepotea. Mzee alipofungua, maneno yalikataa. Nilikuwa nimeyaandika nyumbani kwa tahadhari, nikampa karatasi. Aliisoma pale pale kizingitini, miwani juu ya paji la uso, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Saa ngapi?" akauliza. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake.

Jumapili hiyo ya Oktoba walikuja wengi kuliko kawaida. Habari ilikuwa imezunguka. Maman naye alikuja, na ndoo ya beignets, maandazi ya kwetu, chini ya taulo, kwa sababu alisema kama ni aibu basi iwe na chakula. Tonton alimwita Monsieur Guido na sumaku yake. Akaonyesha kwa kidole mahali, pale pale ilipoangukia. "Hapa. Yeye atakwaruza."

Wote wakanitazama. Mnajua kichwa changu kilitaka kufanya nini.

Niliweka kisu. Rangi ile nyeusi nilikuwa nimeing'arisha mwenyewe hadi nikaona meno yangu ndani yake, na sasa nilikuwa naikwaruza. Sauti yake kama ya kucha kwenye ubao wa shule. Kwanza ilitoka rangi ya juu, ile ya kung'aa, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kisha nyeusi. Kisha kijivu, ile niliyopiga msasa Jumamosi tano, inatoka kama vumbi la chaki. Kama kitakachofuata ni unga, basi ni mastic, na mjomba wangu ni mwongo, na mimi nimemleta mbele ya watu kumvua nguo. Nilimtazama. Alikuwa anatazama kisu tu, kama anavyotazama kazi ya mtu anayefundishwa.

Nikasukuma.

Hakukutoka unga. Kilitoka kiuzi. Kilijikunja mbele ya kisu, laini, cheupe, kikaning'inia kama kipande cha nywele za bibi. Nikasukuma tena, kikatoka kingine. Chini yake kitu kilicholala kama maziwa, kinang'aa bila kuwa kioo.

Mzee wa koti la kijani alipiga magoti bila gazeti. Aliweka ukucha, ukaacha alama. "Risasi na bati," akasema. "Mungu wangu. Ni risasi."

Hayo mtayaeleza mtakapoulizwa, kwa hiyo mjue. Kabla mastic haijavumbuliwa, mafundi wa bodi walijaza maungio kwa risasi, ile metali nzito na laini, na bati, zikiyeyushwa pamoja. Unachoma chuma kwa moto wa gesi, si sana si kidogo, unaweka mche wa risasi unalainika kama siagi ya kiangazi, na kabla haujadondoka unausambaza kwa kipande cha mbao ngumu kilichopakwa mafuta ya ng'ombe ili usinate. Ukikosea sekunde mbili, yote yanamwagika sakafuni. Ukimaliza, unanyoosha kwa tupa, si msasa, kwa sababu vumbi lake ni sumu, na hugusi mkate kabla hujanawa mpaka kiwiko. Hiyo ni kazi ambayo wale wapenda magari wanaiota usiku. Na sumaku haiishiki. Walikuwa wamekuja na kipimo chao cha kukamata uvivu, kikakamata ufundi.

Monsieur Guido aliiweka sumaku pale palipong'aa. Ikaanguka. Akaiweka mfukoni.

Mkidhani yaliishia hapo, hamwajui watu wale. Mzee wa koti la kijani akainuka, mtu wa haki kabisa, na akashuku.

"Nimefanya kazi ya bodi maisha yangu yote," alimwambia tonton. "Mikono inayojua kazi hii hapa mjini naijua, na mingi imeshazikwa. Monsieur, ganda hili ulilinunua likiwa tayari limeungwa?"

Yaani sasa si tena kama kazi ni nzuri. Ni nzuri mno kuwa yake. Nilisikia watu wakipumua "aah", kwa raha, kama waliopata mahali pa kukaa.

Tonton alikwenda kwenye sanduku la vyombo, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cha mafuta. "Patron wangu wa Lubumbashi hakuwa na mastic," alisema kwa Kifaransa chake cha polepole. "Haikuwa inafika. Alikuwa na risasi ya mabomba ya zamani, na mbao. Kwanza alinichomesha vidole, halafu akanifundisha." Akafungua kitambaa. "Ndiyo hii niliyotumia."

Ilikuwa mbao ndefu, bapa mdomoni, mpini mviringo. Upande mmoja umeungua mweusi, na matone ya fedha yamekauka kwenye nyufa.

Nyuma yangu ndoo ya beignets ilitua chini kwa kishindo.

"Mwiko yangu!"

Maman alipita katikati ya kamati kama hawapo, akamnyang'anya tonton ile mbao. "Floribert! Ile mwiko ya mama! Ile nilileta mu valise toka Lubumbashi, nikaacha viatu juu ya kuleta mwiko! Miaka sita! Miaka sita mi nasonga bukari na kijiko ya plastiki!"

"Yaya, mbao ya huku iko laini, inaungua..."

"Utaungua wewe! Na maman Bibiche wa chini? Ee? Miaka sita simusalimie maman Bibiche! Nilisema ni yeye aliiba! Kwa lifti ninageuza uso!"

Tonton, mtu aliyesimama wima mbele ya kamati nzima, alikuwa amerudi nyuma mpaka akagusa gari, na mkanda wake wenye kifungo, jambo ambalo nimekwishawaonya.

"Anasema nini?" Monsieur Guido aliniuliza.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kumjibu. Watu arobaini, kwa uchache, na wote wakageuka kwangu. Swali hili lilikuwa halijibiki kwa kichwa. Nikafungua mdomo. Nikasema kwamba ile mbao ni mwiko wa bibi yangu, wa kusongea ugali, wa mti mgumu wa kwetu. Kwamba ulipotea jikoni kwetu mwaka ambao tonton alikata paa la gari. Kwamba mama yangu alimshuku jirani wa chini na hajamsalimia tangu hapo. Nilisema yote, na sauti ilifika hadi kwenye chipsi, kwa sababu muuza chipsi ndiye aliyeanza kucheka.

Mzee wa koti la kijani aliuchukua mwiko mikononi mwa maman, kwa adabu, akaunusa. "Mafuta ya ng'ombe," akasema. Akaugeuza, akapitisha kidole penye matone ya fedha, kisha akaulaza kwenye ule mkunjo wa ubavu aliouchora misimu miwili. Ulikaa sawasawa. Alimtazama maman, uso bado unawaka kwa hasira, akamwambia Monsieur Guido, "Gari unaweza kulinunua popote. Hasira ile hainunuliki. Andika jina la bwana huyu."

Monsieur Guido alisema orodha imeshafungwa. Kisha akasema labda ukumbi utatosha magari kumi na matatu, wakisogeza meza ya kahawa.

Mkono wa mzee, tonton aliupokea siku hiyo, kwa mikono miwili. Maman alishuka ghorofa ya chini jioni ile na beignets zilizobaki. Walichozungumza na maman Bibiche sikujua, mlango ulifungwa. Mwiko hakuuchukua tena. Alisema una sumu, na hiyo ni kweli.

Ile alama ubavuni, kubwa kama sarafu, tonton hakuipaka rangi. Aliipitishia tu vanishi isishike hewa. Ukumbini mwezi Novemba, hapo ndipo watu walipojazana, na kadi ilikuwa mbele, nyeupe, jina lake lote, limeandikwa bila kosa. Alisimama kando yake siku nzima na suruali ya pasi. Hakuna aliyempa funguo.

Mimi nilikuwa upande wa pili na kitambaa changu. Alasiri akaja bwana mmoja nisiyemjua, mpole, miwani ya dhahabu. Aliinamia ile alama ya fedha, akatabasamu kama anayejua mambo, akatoa sumaku mfukoni, kisha akaninong'oneza:

"Hapa wameonyesha risasi, bien sûr. Lakini kwingine kote ni mastic, sivyo, mademoiselle?"

Kichwa changu kilianza kushuka. Nilikisikia kabisa, kama mguu unaokosa kidato cha ngazi gizani. Nikakishika katikati ya njia.

"Hapana, monsieur," nikasema. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kile kisu cha kukwaruzia, ambacho tangu Oktoba sikuwa nimekirudisha, nikamshikisha upande wa mpini. "Chagua mahali."

Nyuma ya gari nilimsikia tonton akivuta pumzi na kutoitoa.

Bwana alitazama kisu, akatazama ile nyeusi inayong'aa, akanirudishia na kusema ana haraka. Tonton alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka rangi ikamrudia usoni, kisha akanyoosha mkono, akaninyang'anya kisu.

Kwa hiyo nimestaafu, maana sasa watu wananiona. Daftari liko kwenye droo ya tonton, chini ya mwiko. Ule ukurasa wa chooni sikuuchana, mtaukuta, nimejiwekea mwenyewe alama tatu nyekundu kando yake. Kisu msimwombe. Hatawapa.